Gitaa dogo la safari: kifua niweke mbao gani, na mgongo je?

NyuziSita (Kayole)
Habari wadau. Nataka kutengenezewa gitaa dogo la kusafiri nalo, la nyuzi za chuma, urefu wa waya kutoka nati (kile kipande cha juu ya shingo kinachobeba nyuzi) hadi daraja uwe kama sentimita 58, liingie kwenye kibebeo cha mizigo ndani ya basi bila kugombana na kondakta. Napiga kanisani na kwenye harusi, na sehemu kubwa ya mwaka niko barabarani kati ya Nairobi, Kisumu na Mombasa. Fundi niliyempata ni wa fanicha ila ameshatengeneza magitaa ya watu ninaowajua, na yanalia. Anasema mgongo, mbavu na shingo ataweka mahogani, kifua (mbao ya mbele) ataweka saipresi, kwa sababu sprusi ya kutoka nje, ukijumlisha nauli na ushuru, inazidi bei ya kazi yake yote. Lakini kila video ninayoiona mtandaoni inasema kifua ni sprusi au mwerezi, basi. Swali langu: kwa gitaa dogo namna hii, aina ya mbao inasikika kweli au nitalipia jina? Na mgongo, nitafute mpingo?

Randa_na_Msasa
Karibu ndugu. Mimi ni fundi, nianzie hapo. Nyuzi zinavuta daraja, daraja linatikisa kifua, kifua ndicho kinachosukuma hewa. Mgongo na mbavu zinashikilia umbo na kufungia hewa ndani. Ukiwa na pesa ya ubao mmoja tu mzuri, uweke kifuani.

Sprusi inasifiwa kwa kuwa ni nyepesi na bado ni ngumu kupindika. Ile ya Sitka ina kilo 400 hadi 450 hivi kwa mita moja ya ujazo. Saipresi yetu ya mashambani haiko mbali kwa uzito. Ubaya wake ni macho ya matawi na pete pana, maana mti umekua haraka na umevunwa ukiwa na miaka 30 hivi. Lakini kifua cha gitaa dogo ni vipande viwili vilivyounganishwa katikati, kila kimoja upana wa sentimita 15 au 16. Kipande cha upana huo kisicho na jicho kinapatikana soko la Gikomba ukiwa na subira ya kupindua rundo.

Ukienda, tazama kichwa cha ubao: pete ziwe zimesimama wima kutoka uso mmoja hadi wa pili, zisilale. Kisha shika ubao kwa vidole viwili karibu na ukingo, robo hivi ya urefu kutoka ncha, uuache uning'inie, uugonge katikati kwa kifundo cha kidole. Ukilia "ting" na mlio ukakaa hewani, weka kando. Ukilia "dap", rudisha kwenye rundo. Wenye mbao watakutazama, wewe endelea kugonga.

Kijana_wa_Uhuru
Kuhusu mgongo, Wabrazili wanatumia jakaranda kwenye magitaa ya bei ghali zaidi duniani. Nairobi imejaa jakaranda, kila upepo ukivuma Oktoba tawi linaanguka. Mbona unahangaika?

Mama_Mbegu
@Kijana_wa_Uhuru hapana mwanangu, hiyo ni miti miwili tofauti kabisa. Ule wa Brazili ni Dalbergia nigra, jamii moja na mpingo, na uko kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992, biashara yake imefungwa. Huu wetu wa maua ya zambarau ni Jacaranda mimosifolia, uliletwa hapa kwa ajili ya mapambo, mbao yake ni laini na ya uzito wa kati. Wachongaji wanaupenda kwa sababu unachongeka vizuri. Hata mwerezi wa kwenye video siyo ule wa Aberdare. Wa magitaa ni Thuja plicata wa Amerika Kaskazini, mwepesi sana, kilo 350 hadi 370 kwa mita ya ujazo. Wa kwetu ni Juniperus procera, mzito zaidi, unaosifika kwa nguzo za ua kwa sababu mchwa hauupendi.

Kijana_wa_Uhuru
Nimekupata mama, asante. Lakini je, kuna mtu amejaribu jakaranda yetu kwenye mgongo? Maana ipo, ni halali, na bei yake iko chini.

Randa_na_Msasa
Mgongo, ndiyo, inawezekana. Kausha vizuri, inapenda kupinda ikiwa mbichi. Kifua, usithubutu.

DarMpingo
Salamu kutoka Dar. Nashangaa mnazunguka jakaranda na saipresi wakati mbao bora ya muziki duniani imeota Afrika Mashariki. Mpingo ndio unaotengeneza klarineti, obo na filimbi za zumari za Waskoti. Mzito hadi unazama majini, kilo 1,200 na zaidi kwa mita ya ujazo. Ukiupiga ubao wake unalia mithili ya kengele. NyuziSita, weka mpingo mgongoni na ubavuni, usimsikilize mtu. Na usiseme ni dhambi kwa mazingira: Kilwa kuna vijiji vyenye misitu yao vilivyopata cheti cha FSC (cha utunzaji mzuri wa misitu) mwaka 2009, vinavuna kwa mpango na hela inarudi kijijini.

Mwl_Fizikia
@DarMpingo kuhusu mlio nakubali, lakini tupige hesabu ya gitaa dogo. Mgongo na mbavu zina kama mita 0.19 za mraba. Unene milimita 2. Hiyo ni mita za ujazo 0.00038. Kwa mpingo ni karibu nusu kilo, kwa mahogani ya Afrika (mkangazi) ni gramu 200 na kidogo. Tofauti ya robo kilo begani siyo neno, lakini mpingo kuupinda mbavu kwa joto ni kazi inayovunja mbao nyingi, na fundi atakutoza zile zilizovunjika.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Gitaa la kawaida la kampuni ya Martin lina urefu wa waya wa sentimita 64.5. Lile lao dogo, Little Martin, ni 58.4. Kwa noti ileile na uzi uleule, mvutano unakwenda kwa mraba wa urefu, kwa hiyo nyuzi zinalegea kwa asilimia 18 hivi. Kifua kinapata nguvu ndogo ya kukitikisa. Mtu akiacha kifua na unene wa gitaa kubwa, gitaa litakuwa bubu hata ukiweka sprusi ya dhahabu. Ugumu wa ubao unakwenda kwa kipeo cha tatu cha unene: ukipunguza unene kwa asilimia 10, ugumu unashuka kwa asilimia 27. Kwa maoni yangu, milimita za randa zinazungumza kuliko jina la mti.

Akinyi_Besi
Mwalimu kaeleza. Mimi niongeze la barabarani. Nimebeba gitaa dogo la plaiwudi tangu nikiwa chuo, Kisumu, Lodwar, Lamu, juu ya boti, chini ya mbuzi. Halijapasuka. Rafiki yangu ana gitaa la mbao tupu, zuri ajabu, alilitoa Mombasa akalileta Nairobi Januari, wiki haijaisha kifua kina ufa kutoka daraja hadi chini. Hata makampuni makubwa yanalijua hili. Little Martin LX1 kifua chake ni sprusi halisi lakini mgongo na mbavu ni karatasi zilizoshindiliwa kwa gundi, aina ya fomika. Taylor GS Mini nayo, iliyotoka 2010, kifua ni ubao mzima, mgongo ni tabaka za sapele. Gitaa la safari kwanza lifike.

Bandari_Strings
@Akinyi_Besi ufa wa rafiki yako ni wa unyevu. Mbao inapanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haisogei. Mombasa hewa imejaa maji, mbao inavimba. Nairobi Januari na Februari mchana hewa ni kavu, ubao unataka kusinyaa, lakini umegundishwa kwenye mataruma ya ndani (vijiti vya kuuimarisha) yaliyolala kinyume chake, hauna pa kwenda, unapasuka. Mafundi wa magitaa wanapenda hewa ya karakana iwe na unyevu wa asilimia 45 hivi wanapogundisha kifua na mgongo. Gitaa lililogundishwa katika ukavu likienda Mombasa litavimba kidogo, daraja litapanda, utakerwa na nyuzi kuwa juu, lakini halitapasuka. Lililogundishwa katika unyevu likipanda bara ndilo linalopasuka. Kwa hiyo ndugu NyuziSita, mwambie fundi asifunge boksi msimu wa mvua ndefu. Mwezi wa kugundisha una uzito kuliko mti.

Na usiliache ndani ya gari lililofungwa juani. Gundi nyeupe ya mbao inalainika kwa joto hilo, na daraja linang'oka taratibu bila wewe kusikia chochote.

MtuWaOmutibo (Vihiga)
Nimesoma yote kwa heshima. Lakini wazee wetu wa Magharibi waliopiga omutibo, ule mtindo wetu wa gitaa la vidole, akina George Mukabi, walikuwa na magitaa gani? Yaliyopatikana dukani. Mmoja gitaa, mwingine chupa ya Fanta anaikwaruza kwa chuma kuweka mdundo, na watu wanacheza hadi asubuhi. Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Kongo, alipofika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 50 watu hawakuuliza kifua chake ni mti gani. Walitazama dole gumba na kidole cha shahada. Ukipiga kwa vidole viwili na dole gumba likabeba besi sawasawa, gitaa dogo linatosha kabisa, na saipresi itakuimbia.

DarMpingo
Mzee wangu, mkono ni mkono, hakuna anayebisha. Lakini mkono uleule kwenye mbao mbili tofauti utatoa sauti mbili tofauti.

Mwl_Fizikia
Je, utazitofautisha ukifumbwa macho? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walitengenezewa magitaa 6 yanayofanana, vifua vyote vya sprusi ya Sitka, mgongo na mbavu za miti 6: rozwudi ya Brazili, rozwudi ya India, mahogani, mepo, sapele na wolnati. Wapigaji 52 walivishwa miwani ya kuchomelea ili wasione. Alama walizotoa zilikuwa karibu sawa kwa magitaa yote. Ile ya Brazili, inayouzwa mara nyingi ya bei ya sapele, haikushinda.

Na kabla ya hapo, mwaka 1862, Antonio de Torres wa Hispania alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu kuonyesha kwamba kifua ndicho kinachofanya kazi. Limehifadhiwa makumbusho ya muziki ya Barcelona.

Randa_na_Msasa
Asante mwalimu kwa hiyo ya Lancaster, nimeitaja mara nyingi kwa wateja. Lakini tusiinyooshe kupita ilipofika. Ilipima migongo, haikupima vifua. Na yalikuwa magitaa makubwa. Boksi dogo lina hewa kidogo, mlio wake wa hewa unapanda juu, kwa hiyo besi inakosekana tangu mwanzo. Pale mgongo mzito usiotikisika unaweza kusaidia kurudisha sauti mbele, au mgongo mwepesi unaotikisika unaweza kuongeza joto la sauti. Nimesikia mafundi wawili wazuri wakitetea kila upande, na magitaa ya wote wawili yanauzika.

Bandari_Strings
Besi ya boksi dogo tafuta kwenye tundu la sauti. Punguza kipenyo, mlio wa hewa unashuka. Ongeza kina cha mbavu sentimita moja, unashuka tena. Hiyo ni bure, haihitaji mti wowote kutoka ng'ambo.

Akinyi_Besi
Sentimita moja ya kina ndiyo inayokosa nafasi kwenye kibebeo cha basi. Nawaambia kwa uchungu.

Mzee_Podo
Vijana, mmeruka kitu. Nyumba za zamani Nairobi zinabomolewa kila siku, Kilimani, Kileleshwa, Parklands, maghorofa yanaota. Ndani ya zile nyumba kuna podo. Milango, mihimili, mbao za sakafu, nyingine zimekaa chini ya paa tangu kabla ya Uhuru. Podo ina mshipa wa sawasawa, rangi ya manjano iliyofifia, pete hazionekani sana. Ni nzito kidogo kuliko sprusi, kilo 500 hivi, lakini hiyo ya zamani imekauka vizuri. Msitu wa leo usiuguse, na tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji Februari 2018 hadi rais alipotangaza kuiondoa Julai 2023, mbao za asili zimekuwa kesi. Mlango mzee hauna kesi na mtu.

Nilipasua mhimili mmoja wa podo na mjukuu wangu. Randa ilipoondoa masizi na rangi ya juu, ubao wa ndani ulikuwa safi kama siku ulipopasuliwa, na ukiugonga unaendelea kulia wakati wewe umeshashusha mkono. Toa misumari yote kwanza, pitisha sumaku kila sehemu. Msumari mmoja uliobaki unaharibu meno ya msumeno na siku yako.

Randa_na_Msasa
Mzee, shikamoo. Hii ya podo ya milango imenikosesha usingizi. Uliiacha unene gani kifuani?

Mzee_Podo
Marahaba. Nilianza na milimita 3, nikaendelea kupunguza pembezoni huku nikigonga, katikati chini ya daraja nikaacha nene. Kwa kuwa ni nzito kuliko sprusi, mataruma niliyafanya membamba na marefu kwenda juu, yasiongeze uzito.

Mama_Mbegu
Mzee Podo nakuunga mkono kwa mikono miwili. Na kwa anayefikiria mpingo: Dalbergia zote, ukiacha ile ya Brazili iliyobaki kwenye cha I, ziko Kiambatisho cha II cha CITES tangu tarehe 2 Januari 2017. Vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa kwenye sharti la vibali kuanzia 26 Novemba 2019, kwa hiyo kuvuka mpaka na gitaa lako siyo shida. Shida ni ubao mbichi. Ukinunua Tanzania ukauleta Nairobi uwe na karatasi zake. Wachongaji Wakamba wa Changamwe walihamia mwarobaini na miti mingine ya mashamba kwa sababu mpingo ulikuwa unawaishia mikononi. Tusiurudie mwendo huo kwa ajili ya migongo ya magitaa. Ubao mwembamba wa vidole, kipande cha daraja, hapo mpingo unafaa na ni kiasi kidogo tu.

DarMpingo
Mama, kwa ubao wa vidole na daraja tumeelewana. Kwa mgongo bado nabisha. Ukipita Dar utapiga la kwangu, kisha tuongee.

Otis_Nyatiti
Nauliza tu: kwa nini kifua lazima kiwe mbao? Nyatiti ina ngozi ya ng'ombe na nyuzi 8, inasikika uwanja mzima bila spika. Nimeona watu mitandaoni wanaweka ngozi kwenye gitaa dogo.

MtuWaOmutibo (Vihiga)
Inasikika, ndiyo, lakini sauti inakatika upesi, na ngozi inalegea mvua ikinyesha. Nyatiti imejengwa kwa ajili ya hilo. Omutibo inahitaji noti ikae kidogo ili dole gumba lipite.

Mwl_Fizikia
Kuhusu hilo naungana na mzee wa Vihiga. Gitaa la mvutano mdogo tayari linapoteza nguvu haraka. NyuziSita, kwa urefu wa 58 weka nyuzi nene kidogo, za inchi 0.013 badala ya 0.012, utarudisha karibu mvutano wote uliopotea.

Kijana_wa_Uhuru
Mwalimu, na boksi la nyuzinyuzi za kaboni badala ya mbao? Yapo magitaa ya safari ya kaboni tupu, hayajui mvua wala jua.

Akinyi_Besi
Yapo, na kwa safari hakuna kinachoyashinda. Ila fundi wa Nairobi atakutengenezeaje, na likivunjika nani atalishika? Ubao wowote ukipasuka fundi wa mtaa anauziba jioni hiyohiyo.

NyuziSita (Kayole)
Wadau, asanteni sana. Nimemwonyesha fundi uzi huu wote kwenye simu. Ya kugundisha msimu wa kiangazi ameikubali mara moja, ya tundu dogo pia. Mbavu bado anataka mahogani, na nimegundua anachoita mahogani ni sapele kutoka upande wa Uganda, mshipa wake unapishana mistari mistari. Kwa kifua ana wasiwasi na podo, anasema hajawahi kuiweka huko. Jumamosi tunakwenda kuona mlango Parklands, na pia atapitia Gikomba kutafuta saipresi safi, tugonge zote mbili upande kwa upande.

Randa_na_Msasa
Sapele haina neno, hao Taylor na Martin wanaitumia kila siku. Ila mshipa unaopishana unang'oka ukipitisha randa butu, anoe kwanza. Jumamosi vipande vyote viwili viwe urefu sawa, upana sawa na unene sawa kabla ya kugonga, la sivyo mnalinganisha ukubwa, si mti. Na mvipime kwenye mizani.

Mzee_Podo
Mlango wenyewe ukiwa na fremu nene, chukua fremu. Paneli za katikati mara nyingi ni nyembamba na zimepinda.

DarMpingo
Na bei ya huo mlango utuambie, huku Dar nako wanabomoa.